Koni Tatu Hujaza Kopo Moja

Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na mchumba wake. Asiposikia la mchumba, atafunzwa na msimamizi wa mtihani, mbele ya watu, jasho likimtoka. Ulimwengu mwacheni, una kazi nyingine.

"Hii ni ya nani?"

Niliona kwanza viatu. Raba nyeupe za msimamizi, mama mnene aliyekuwa akizunguka ukumbi tangu asubuhi bila kutoa sauti, kama paka wa jikoni. Karibu na raba zile, chini ya kiti changu, kulikuwa na kikaratasi cha kaki.

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Kimegusa kisigino chako, halafu hujui?"

"Nakuapia, mama, si changu."

"Usiniapie mimi. Mimi si mahakama."

Akakiokota kwa ncha za vidole, akakikunjua. Maandishi madogo, herufi kubwa zote, yamebanana kama chawa kwenye mshono. Maandishi sikuyatambua. Niliyoitambua ni karatasi. Ile kaki ni yangu, ndiyo ninayochorea vipimo vya magauni kibandani kwangu, na pembeni ilikuwa bado na mstari wangu wa chaki ya bluu. Kuna mtu mmoja tu hukaa kibandani kwangu jioni akichezea vipande vya kaki huku akinisubiri nifunge.

Na mtu huyo alikuwa kiti cha nyuma yangu.

Nikageuka. Cheche alikuwa ameinama, anaandika. Anaandika kwa bidii kama anayeandika dhambi za wenzake. Hakuinua jicho.

"Geuka mbele!" mama wa raba akafoka. "Andika umalize. Kengele ikilia usiondoke, tuna maneno ofisini."

Dakika arobaini zilizobaki raba zile hazikutoka kando ya kiti changu. Lakini niliandika.

Ngoja niwaambie Cheche ni nani, mjue ninachokasirikia.

Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa darasani, kwa vile mashati yake yote yana vitundu vya moto. Mimi ni fundi cherehani, wakanibatiza Sindano. Tulikutana kwenye masomo ya jioni ya watahiniwa wa kujitegemea, sisi watu wazima tulioachwa na shule tukakataa kuachika. Yeye alikuwa hajawahi kuukalia mtihani wa mwisho wa sekondari. Mimi nilikuwa narudi mara ya tatu. Mara ya kwanza Hisabati ilinitupa. Mara ya pili nililazwa wiki ile ile ya mtihani. Chuo cha uuguzi hawataki hadithi, wanataka cheti chenye Hisabati.

Tukajiandikisha siku moja, foleni moja, tumeshikana mikono. Ndiyo maana namba zetu zikafuatana. Mimi 0041, yeye 0042. Nikaona ni ishara ya ndoa. Mapenzi yakikuingia, hata namba ya mtihani utaiona ni pete.

Mwaka mzima nilimfundisha. Nakumbuka jioni aliyoshindwa na koni. Alitupa kitabu sakafuni.

"Hii koni ina laana, Sindano!"

"Laana unayo wewe. Kata bati. Nitengenezee koni moja na kopo moja. Mdomo sawa, kimo sawa."

Kesho yake akaja navyo, vimechomelewa safi, vinang'aa. Nikamwambia achote mchanga kwa koni, amimine kwenye kopo. Akamimina moja. Akamimina ya pili. Ya tatu ikajaa pomoni.

"Sasa sema."

"Koni tatu zinajaza kopo moja."

"Kwa hiyo ujazo wa koni ni nini?"

"Theluthi ya kopo, mwalimu wangu mzuri." Akacheka, akaniwekea ile koni mezani. "Tia pini zako humo. Kila ukiiona, unikumbuke."

Nilipenda mpaka nikashona kola kinyume, mteja akagomba. Huyo ndiye Cheche.

Kengele ilipolia, nikakalishwa kwenye benchi nje ya ofisi. Tulirudishiwa simu zetu. Ukumbini walikuwa wanahesabu karatasi za majibu. Cheche akaja na chupa ya maji, akaketi kando yangu kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Kunywa maji, mpenzi."

"Toka hapa."

"Punguza sauti."

"Ulikisukuma kwa mguu."

"Kiliponyoka, Sindano! Nikamwona yule mama anakuja, nikaogopa. Nikakisogeza tu."

"Ukakisogeza kwangu."

"Sikujua nifanye nini!"

"Mkono unao. Ungeunyanyua useme ni changu."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanisogelea.

"Sikiliza. Karakana wananipa usimamizi, wanasubiri cheti. Mwaka huu, si mwakani. Wewe cherehani yako haikuulizi cheti."

"Na chuo cha uuguzi?"

"Chuo, chuo! Una miaka ishirini na saba. Ukimaliza chuo utazaa lini?"

Nikamtazama. Mwaka mzima alikuwa akiniita nesi wangu.

"Kwa hiyo unataka nini, Cheche?"

"Sema ni chako. Basi. Mwezi ujao naleta wazee kwenu, nakuoa. Nikipanda mimi tumepanda wote. Mume na mke si mwili mmoja?"

"Mwili mmoja, ila shingo ya kukatwa ni yangu."

"Usinifanye mkatili. Nakupenda, unajua." Kisha akashusha sauti, na sauti hiyo sikuwahi kuisikia. "Na hata ukikataa, nani atakuamini? Karatasi ni ya kwako. Chaki ni ya kwako. Kiti ni cha kwako. Mimi jina langu liko wapi?"

Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka. Chupa ya maji akaiacha.

Baada ya dakika tano, simu ikatetemeka. Ujumbe wake:

"Mke wangu mtarajiwa. Kumbuka tulichoongea. Fanya kwa ajili yetu. Nakupenda kuliko roho yangu."

Kabla sijamaliza kuusoma, simu ikaita. Mama yake.

"Mkwe wangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu kanieleza mmepata ajali kidogo huko."

"Ajali, mama?"

"Ndiyo. Sasa mwanangu, mwanamke hubeba. Mimi nimembebea baba yake mengi, nikiyataja utalia. Kubali hilo neno, limalizike. Mtu haingii kwenye ndoa mikono mitupu, wewe ingia na hilo."

"Mama, wanaweza kunifutia masomo yote."

"Masomo yapo tu, mwanangu. Mume je?"

Akakata.

Sitawadanganya, nilitetereka. Nilikaa pale nikijiona kwenye gauni nililokwisha kujikatia mwenyewe kwa siri, limefunikwa shuka kabatini. Nikajiambia, pengine ndivyo watu wanavyooana. Pengine kila ndoa ina kikaratasi chake chini ya kiti.

Mlango ukafunguliwa. "Namba 0041, ingia."

Msimamizi mkuu alikuwa mzee mwembamba, mpole, wa kuogopesha kwa upole wake. Mezani kulikuwa na rundo la karatasi za majibu zikisubiri bahasha, na kando yake kikaratasi cha kaki ndani ya mfuko wa plastiki. Mama wa raba alisimama dirishani, amekunja mikono.

"Kaa, binti. Hii ni fomu ya maelezo. Unakiri, andika hapa. Unakana, andika hapa. Ripoti itakwenda na namba yako. Wakiamua ni udanganyifu, masomo yote yanafutwa, na hukai tena mtihani huu kwa miaka mitatu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Nikashika kalamu. Nikaandika: Mimi, mtahiniwa namba 0041, nakiri kwamba

Hapo macho yakaniangukia kwenye ule mfuko. Mstari wa juu kabisa.

KONI = PAI × R × R × KIMO.

Nikausoma tena. Theluthi haipo! Nikaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichotoka tumboni na machozi.

"Unacheka nini?" mama wa raba akauliza.

"Mama, samahani, wewe unafundisha somo gani?"

"Hisabati. Mwaka wa kumi na tisa huu. Kwa nini?"

"Basi wewe ndiye ninayekutaka. Hebu soma huo mstari wa kwanza."

Akausogelea mfuko, akakunja uso. "Huyu kakosea. Hii ni ya kopo. Koni inataka theluthi."

"Naam. Sasa mtu akiibia kutoka hapa, swali la tisa, lile la faneli ya umbo la koni, atapata ngapi?"

Akatazama dari, midomo ikimchezacheza. "Nusu kipenyo saba, kimo tisa... Elfu moja mia tatu themanini na sita."

"Na jibu la kweli?"

"Mia nne sitini na mbili."

"Nifungulieni yangu."

Mzee akatikisa kichwa. "Hatupekui majibu ya watahiniwa, binti. Sisi tunahesabu na kufunga."

"Bahasha haijafungwa, mwalimu. Kama mnahesabu, hesabuni na la tisa. Mnataka kunifuta miaka mitatu, nami nimekwisha kujiandikisha mtihani huu mara tatu! Nimeshona sare za wanafunzi wa nusu ya mji huu, watoto niliowapima kiuno wakiwa darasa la kwanza wamenipita na vyeti. Fungueni!"

Sikujua kwamba nimesimama mpaka kiti kilipoanguka.

Wakatazamana. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Itaandikwa kwenye ripoti kwamba tulifungua, na sababu," akasema. Akachambua rundo, akatoa yangu.

Mama wa raba akafunua. Kidole chake kikashuka, kikasimama. Pembeni ya swali la tisa nilikuwa nimechora kopo dogo na koni tatu, kama ninavyofanya siku zote. Chini yake: 462.

"Sahihi," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya ukumbini.

"Sasa fungua ya mtu aliyekaa nyuma yangu."

Mzee akatoa 0042. Hapakuwa na mchoro. Palikuwa na jibu moja lililopigiwa mistari miwili kwa kujiamini: 1386.

"Huyu ni nani kwako?" mzee akauliza.

"Mchumba wangu."

Mama wa raba akavuta kiti, akakaa.

"Kukosea si kuiba," mzee akasema taratibu. "Anaweza kuwa amesahau tu. Mwiteni."

Cheche aliingia na tabasamu lake la kupokelea wateja. "Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama." Mimi hakunitazama.

"Marahaba. Kijana, huyu binti unamfahamu?"

"Namfahamu, mwalimu. Inasikitisha sana. Nilimwonya."

"Ulimwonya nini?"

"Kuhusu kuandika vikaratasi. Nikamwambia mpenzi, soma, acha mambo hayo. Hakusikia. Juzi nilimkuta kibandani anaandika kwenye hizo kaki zake. Kajaza koni, kajaza duara, mpaka kanuni za logi upande wa nyuma."

Nje mtu alikuwa anaburuta madawati.

"Upande wa nyuma," mama wa raba akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimekikunjua, nikaona upande mmoja, nikakitia humu. Sijakigeuza. Mwalimu, umekigeuza wewe?"

"Sijakigeuza."

Akauinua ule mfuko, akaugeuza. Logi. Mistari sita, herufi kubwa.

"Nimeshasema, nilimkuta anaandika!" Cheche akadakia. "Niliona kwa macho yangu!"

"Basi uliona vizuri," nikasema. "Aliyeandika hajui koni. Mwulize mama. Yangu ina theluthi, ya kikaratasi haina, na ya kwako haina. Mimi niandike kosa, nilikunje, nilifiche, halafu nijibu sahihi? Nimeiba kwa ajili ya nani, Cheche?"

Jasho likamtoka kwenye nywele likashuka mpaka kwenye kitundu cha shati. Kile kitundu nilikuwa nimepanga kukitia kiraka Jumamosi.

"Umeniuza, Sindano."

"Sijakuuza. Nimekukokotoa."

"Kwa ajili ya hesabu moja!"

"Hata hiyo moja nilikufundisha! Koni uliikata mwenyewe, kwa mkono wako, mchanga ukaumimina mwenyewe! Ningekuwa nimekupa kanuni umeze tu, ungesema hukuletewa maji ya kumezea. Ukaenda kuandika ujinga, kwenye karatasi yangu, ukautupa miguuni pangu, halafu unakuja kunibusu!"

"Binti," mzee akasema, "inatosha. Keti."

Akaivuta ile fomu yangu yenye neno "nakiri kwamba" likining'inia. Akaipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akaweka saini yake na ya mama wa raba. Kisha akatoa fomu mpya, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Namba 0042. Kalamu hiyo hapo."

Sikungoja. Mlangoni mama wa raba akanishika mkono. "Kesho ni Biolojia," akanong'ona. "Nenda kasome. Usilie leo, utalia ukimaliza."

Nikasoma. Na nilipomaliza sikulia. Nililifumua gauni, nikaligeuza mapazia.

Matokeo yalitoka miezi mitatu baadaye. Yangu yalikuja kwa ujumbe wa simu nikiwa nimebana pini mdomoni: Hisabati, nimefaulu. Nilipiga kelele pini zikaruka, mteja akadhani nimejichoma. Ya 0042 yalisema neno moja: Yamefutwa.

Chuo kikanipokea. Siku mbili kabla sijaondoka nilikuwa kibandani nikimalizia kazi za watu, wateja watatu wakisubiri kwenye benchi, mlango ukazibwa. Mama yake Cheche. Nyuma yake Cheche mwenyewe, amekonda, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Sikuja kwa shikamoo." Akawatazama wateja mmoja mmoja, akaona wanatosha. "Mwanangu amefutiwa. Karakana wamemweka mtu mwingine. Watu wanamwita elfu moja mia tatu, njia nzima. Hali, halali. Kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu."

"Ungekaa kimya, leo mngekuwa mume na mke. Lakini sisi si watu wabaya. Tumekaa na wazee, tumekubaliana kukusamehe."

Mteja mmoja akakohoa.

"Kunisamehe mimi?" nikauliza.

"Ndiyo. Jumapili uje, upige magoti, uombe radhi kwa kumwaibisha mtoto wa watu, harusi iendelee."

Nikamtazama Cheche. "Na wewe ndivyo unavyotaka?"

"Neno moja tu, Sindano. Sema samahani, tuanze upya." Machozi yakamlengalenga. "Nilikupenda kweli."

"Najua. Ningejua hukunipenda, ingeniuma kidogo."

Ile koni ya bati ilikuwa mezani, imejaa pini. Nikaisogeza mbele yake.

"Koni ngapi zinajaza kopo moja?"

Akapitisha kidole ukingoni mwake. "Tatu," akasema, kwa sauti ya chini.

"Umechelewa. Kengele ilishalia."

"Hebu msikie!" mama yake akapandisha sauti. "Kiburi cha cheti hicho! Kwenu hukufunzwa heshima?"

"Nilifunzwa, mama. Ndiyo maana siku ile uliponipigia simu nibebe wizi wa mwanao, nilikuitikia kwa adabu mpaka ukakata. Leo nimemaliza adabu ya simu ile. Ulimzaa, ukamlea, akakosa, badala ya kumkanya ukatafuta mgongo wa kumbebea. Mgongo wangu una kazi. Jumatatu naenda kuinua wagonjwa."

"Nakuuliza mara ya mwisho. Utaomba radhi au hutaomba?"

Nikarudisha koni yangu mahali pake. Nikatunga uzi kwenye sindano, ukapita mara ya kwanza.

"Sogea kidogo, mama, unanizibia mwanga. Siombi radhi."